Viza ya ndoa na mume anayepiga: kuomba ulinzi wa mahakama Uingereza

"Thubutu kwenda polisi, nitawaandikia Home Office urudishwe kwenu." Dada wengi walioletwa Uingereza kwa viza ya ndoa wanaishi na kitisho hiki cha kuripotiwa Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji. Basi jueni: huko England na Wales, mahakama ya familia haikunyimi ulinzi kwa sababu ya viza. (Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.)

Amri unayoomba huitwa non-molestation order, chini ya Sheria ya Familia ya 1996. Humkataza mume, mtalaka, mchumba au jamaa kukupiga, kukutisha, kukuandama, hata kumtuma mtu mwingine akusumbue. Wanaume nao huiomba. Fomu ni FL401, na hakuna ada. Ukihofia kwamba akijua atakudhuru, omba usikilizwe kwanza bila yeye kuarifiwa. Anwani yako unaificha kwa fomu C8.

Kazi ni kwenye maelezo yako, na hapo malezi ya kusitiri mambo ya ndani hutuponza. "Ananitesa" peke yake haimpi jaji pa kushika. Eleza tukio la karibuni, la kwanza, na lile baya kuliko yote: lini, wapi, alisema nini, watoto walikuwa wapi. Kukunyima pesa, kukunyang'anya simu na pasipoti, kukuzuia usitoke, yote yaandike. Udhibiti wa namna hiyo ni kosa la jinai tangu 2015. Jumbe zake za WhatsApp usizifute, hata zile za kuomba msamaha, na zitafutie tafsiri. Mkalimani mwombe mapema kwa mahakama, hulipi. Tafadhali, usimchukue mtu wa jumuiya yetu. Habari itamfikia mumeo kabla hujafika nyumbani.

Amri ikitoka, mumeo lazima aijue ndipo polisi waweze kumshika kwa kuivunja. Usimpelekee mwenyewe! Kama huna wakili, iombe mahakama imfikishie. Akishaijua na bado akaivunja, adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Wazee wakija na maneno yake ya suluhu, waonyeshe karatasi.

Suala la viza ni njia nyingine kabisa. Ikiwa mwenzi wako ni raia au mkaazi wa kudumu na ndoa imevunjika kwa ukatili, unaweza kuomba kibali cha miezi 3 chenye haki ya kupata msaada wa serikali, na ndani ya muda huo uombe ukaazi wako mwenyewe. Muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji, maana kibali hicho huchukua nafasi ya viza uliyo nayo. Na safari ya ghafla ya "kuwasalimia wazee" Mombasa au Dar, ndoa ikiwa imeshachafuka, ikatae. Wapo walioachwa huko bila pasipoti, ingawa tangu 2024 hata aliyetelekezwa hivyo anaweza kuomba ukaazi akiwa nje.

Hatari ikiwa mlangoni, piga 999. Ukishindwa kusema na unatumia simu ya mkononi, subiri uambiwe, kisha bonyeza 55. Kwa ushauri, simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani, 0808 2000 247, ni bure, usiku na mchana.