Kabla ya Kukata Tiketi ya Safari Ndefu: Kilomita, Saa na Tarehe

Anayepanga safari ya ndege kati ya viwanja viwili vilivyo mbali sana kwa kawaida hutafuta umbali, kisha huugawa kwa mwendo wa takribani kilomita 900 kwa saa, ambao ndio mwendo wa ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani. Hesabu hiyo inafaa kuanzia tu, kwa sababu umbali unaotajwa ni wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ilhali ndege hukwepa dhoruba na kuzunguka anga zilizofungwa. Baada ya anga ya Urusi kufungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua muda wa saa 9 hivi, ilirefuka hadi kufikia saa 13, ingawa viwanja vyenyewe havikusogea hata hatua moja.

Upepo pia uzingatiwe. Pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndiyo maana safari ya Tokyo hadi Los Angeles, ambayo ni kilomita 8,800 hivi, huchukua takribani saa 10 kwenda na karibu 12 kurudi.

Jambo linalowaponza wengi zaidi, hata hivyo, ni kusoma tiketi. Kila saa iliyoandikwa humo ni ya mahali husika, kwa hiyo anayeondoka Tokyo saa 17:00 anaweza kutua Los Angeles saa 11:00 ya tarehe ileile, kana kwamba amefika kabla ya kuondoka. Kupata muda halisi wa safari, saa zote mbili zigeuzwe kwanza kuwa za mahali pamoja. Alama ya +1 kando ya saa ya kufika humaanisha siku inayofuata, na hoteli ipangwe kwa tarehe hiyo. Hatari kubwa zaidi ni ndege ya saa 00:30, yaani saa sita na nusu usiku: ikiandikwa tarehe 12, abiria anapaswa kuwa uwanjani usiku wa tarehe 11, na atakayejitokeza jioni ya tarehe 12 atakuta ndege ilishaondoka tangu usiku uliopita.

Kwa safari ya kuunganisha ndege, ni vyema kuuliza kama sehemu zote ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa mbili tofauti, huenda ukalazimika kupita uhamiaji, kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, jambo ambalo katika baadhi ya nchi huhitaji viza hata kwa anayepita tu. Na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili kwa kawaida halilazimiki kukupa kiti kingine. Hapo mapumziko ya saa moja na nusu, yanayoonekana kutosha kwenye karatasi, ni machache mno.