Kuandika programu kwa kadi, kama tulivyofanya sisi

Mjukuu wangu anasomea kompyuta chuoni. Juzi alinikuta jikoni nikiandika orodha ya sokoni nyuma ya kadi kuukuu, akaniuliza vile vitundu ni vya nini. Nikamwambia ni kipande cha programu, kompyuta za zamani zilisoma amri kwa vitundu vya kadi. Akacheka. Basi nikamkalisha mezani, nikampa karatasi ya miraba na penseli, na kufikia magharibi alikuwa amemaliza programu yake ya kwanza bila kugusa kitu cha umeme. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Haitaki zaidi ya saa mbili.

Mimi nilianza kazi Nairobi mwaka 1976, katika chumba cha kutobolea kadi cha ofisi moja iliyokuwa ikilipa mishahara ya watu wengi. Kompyuta yetu ilikuwa ya ukoo wa System/360, ambao kampuni ya IBM iliutangaza tarehe 7 Aprili 1964. Huko nyuma kabisa, ENIAC ya Philadelphia, mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa, mwaka 1946 ilipangiwa kazi kwa kuchomekwa nyaya na kuzungushwa swichi, na waliokuwa wakizichomeka ni akina mama sita waliokuwa hodari wa hesabu. Sisi tulikuwa na raha: kadi na mpira wa kuzifungia.

Anza na kadi yenyewe. Ina safu 80 kutoka kushoto kwenda kulia, na kila safu ina nafasi 12 za tundu kutoka juu kwenda chini. Mstari wa juu kabisa huitwa 12, unaofuata 11, kisha 0, halafu 1 mpaka 9. Tarakimu ni tundu moja tu. Herufi ni matundu mawili: A mpaka I ni 12 pamoja na 1 mpaka 9, J mpaka R ni 11 pamoja na 1 mpaka 9, S mpaka Z ni 0 pamoja na 2 mpaka 9. Chora safu nne uandike JUMA. J ni 11 na 1. U ni 0 na 4. M ni 11 na 4. A ni 12 na 1. Andika na jina lako kabla hujaendelea. Wasichana wa chumba chetu walikuwa wakiinua kadi dirishani na kuisoma kama gazeti.

Sasa programu. Tutatumia FORTRAN, lugha iliyotolewa mwaka 1957 na John Backus na wenzake kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Chora miraba 80 kwa upana. Safu ya 1 mpaka ya 5 ni za namba ya sentensi. Safu ya 6 huachwa tupu, ila kama sentensi imekuwa ndefu na inaendelea kutoka kadi ya juu. Sentensi yenyewe inakaa safu ya 7 mpaka ya 72. Kwa nini 72, na kadi ina 80? Kwa sababu neno la ile 704, yaani fungu la biti (sifuri na moja) linaloshikwa kwa pamoja, lilikuwa na biti 36, na msomaji wake wa kadi alichukua maneno mawili kwa kila mstari, yaani 72, basi. Mashine ile ilikwisha kwenda zake, safu 72 zikabaki. Zile nane za mwisho tutazitumia, ngoja.

Hii hapa kazi ndogo ya mshahara, saa mara kima cha saa moja:

```
      READ(5,10) ISAA,IKIMA
   10 FORMAT(I3,I4)
      IPESA=ISAA*IKIMA
      WRITE(6,20) IPESA
   20 FORMAT(1H ,I8)
      STOP
      END
```

Kila mstari ni kadi moja. 5 ni msomaji wa kadi, 6 ni printa. 10 na 20 ni namba za sentensi za FORMAT, zinazosema namba zimekaaje. I3 maana yake soma namba nzima iliyokaa safu tatu, I4 safu nne. Utaniuliza kwa nini nimeandika ISAA badala ya SAA. Katika FORTRAN jina likianza na I, J, K, L, M au N, ni namba nzima. Likianza na herufi nyingine, ni namba ya desimali. Na jina lisizidi herufi sita. Tulizoea kubandika I mbele ya kila neno la Kiswahili mpaka tukawa tunaitana hivyo ofisini.

Sasa tazama hiyo 1H yenye nafasi tupu nyuma yake, maana yake toa herufi moja inayofuata kama ilivyo. Usiiache. Herufi ya kwanza ya kila mstari unaopelekwa printa haichapwi. Ni amri kwa karatasi. Nafasi tupu ni mstari unaofuata, 0 ni ruka mmoja, 1 ni ukurasa mpya. Mimi wiki yangu ya tatu nikaisahau, na nikawa nimebana namba mpaka mwanzo wa mstari. Namba zangu nyingi zilianza na 1. Printa ikala ile 1 kama amri, ikarusha ukurasa mpya kwa kila mfanyakazi, na karatasi ikamwagika nyuma ya mashine kama mtama gunia likipasuka. Opereta hakunisema. Aliniletea lile rundo lote mezani, akaliweka, akaondoka.

Kabla hujatoboa, uwe wewe mashine. Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Foleni ilikuwa ndefu, ukipeleka kadi asubuhi unapata jibu jioni, na koma moja ikikosekana siku imekwenda. Chukua karatasi, chora visanduku vitatu: ISAA, IKIMA, IPESA. Pita sentensi moja moja na penseli, andika thamani, futa, andika tena. Usiruke hata moja kwa kuwa "inajulikana". Mjukuu wangu aliruka, nitawaambia yaliyompata.

Ukiridhika, toboa. Sisi tulikuwa na mashine ya kutobolea ya 029, yenye kelele ya cherehani iliyokosa mafuta. Ukikosea herufi huwezi kufuta tundu. Unaanza kadi nyingine, na safu zilizo sawa unazinakili kutoka ile mbovu. Kisha mwenzako anaipiga kazi ile ile upya kwenye mashine ya kuhakiki, ambayo haitoboi, inalinganisha tu. Zikipatana, kadi inakatwa alama ubavuni mwa kulia. Zisipopatana, alama inakaa juu ya safu yenye kosa, na kila mtu anajua ni la nani.

Zile safu 73 mpaka 80 tia namba za mfuatano, kumi kumi: 10, 20, 30, ili ukiongeza kadi katikati iwe na nafasi. Bunda likianguka ngazini, nalo litaanguka, mashine ya kupanga italirudisha safu moja kwa wakati, ukianzia safu ya 80 ukirudi kushoto. Asiye na subira apige mstari wa kalamu wa mshazari juu ya bunda zima. Kadi iliyohama utaiona papo hapo.

Mwisho, programu haiendi peke yake. Inavishwa kadi za kuieleza mashine la kufanya, zinazoanza na mikwaju:

```
//KAZI1   JOB (1),'BIBI',CLASS=A,MSGCLASS=A
//        EXEC FORTGCLG
//FORT.SYSIN DD *
   (kadi za programu zinakaa hapa)
/*
//GO.SYSIN DD *
0450120
/*
//
```

FORTGCLG ni tafsiri, unganisha, endesha, kwa mkupuo mmoja. Kadi ya 0450120 ndiyo data: saa 45, kima 120.

Mkitaka kuona jibu, iko programu ya bure iitwayo Hercules, iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, inayoigiza mashine hizi ndani ya kompyuta ya kawaida. Pakua nayo kifurushi cha TK4-, chenye mfumo wa uendeshaji wa MVS 3.8 ndani yake. Kazi yako iandike kwenye faili la maandishi, ulitume kwenye poti 3505 ambayo ndiyo msomaji wa kadi, kisha fungua faili la printa, prt00e.txt, usome.

Mjukuu alifanya hivyo usiku ule ule. Ikatoka 54000. Akasema mashine ya kina bibi imeharibika. Nikamwomba anionyeshe kadi ya data. Alikuwa ameandika 45 safu ya 1 na ya 2, ya tatu akaiacha tupu, na FORTRAN ya zamani ikikuta nafasi tupu ndani ya namba huihesabu kuwa sifuri. Saa 450 kwa wiki. Akasogeza tarakimu mbili kulia kwa safu moja, akatuma tena, akakaa kimya mpaka 5400 ilipotokea.