Kuweka Windows na Linux katika Kompyuta Moja

Anayetaka kutumia Windows na Linux katika kompyuta moja huihofia siku ya kusakinisha, ilhali sehemu kubwa ya kazi imo katika maandalizi yanayofanywa ndani ya Windows kabla flashi yenye kisakinishi cha Linux haijachomekwa. Kama unataka kuionja Linux tu, mashine pepe ya VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya Windows, inakutosha. Lakini mashine hiyo hugawana kumbukumbu na mfumo unaoibeba, kwa hiyo mwenye kuhitaji nguvu zote za kompyuta ni afadhali aweke mifumo yote miwili kwenye diski na kuchagua mmoja kila anapoiwasha.

Windows itangulie kusakinishwa, kwa kuwa ikija nyuma ya Linux hujipa nafasi ya kwanza katika mpangilio wa kuwaka, na GRUB, menyu ya Linux ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha, haionekani tena mpaka uirudishe.

Ukishaweka nakala za mafaili yako kwenye diski ya nje, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba data za diski. Kompyuta nyingi mpya hufungwa hivyo bila mwenyewe kutambua, na ukigusa mipangilio ya UEFI (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta), Windows inaweza kukataa kufunguka mpaka uandike ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Unakili ufunguo huo kwenye karatasi. Ukiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo, ni kama hujauhifadhi.

Hatua inayorukwa mno ni ya kuizima Windows kikamilifu. Ili iwake haraka, Windows huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski badala ya kuzimika kabisa, na Linux ikiandika katika eneo la Windows wakati huo, mafaili yanaweza kuharibika. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha uandike:

powercfg /h off

Amri hiyo hufuta pia faili la hiberfil.sys, mojawapo ya mafaili yasiyohamishika ambayo huizuia diski isipunguzwe kiasi unachotaka. Sasa fungua diskmgmt.msc, programu ya Windows ya kugawa diski, bofya eneo la C kwa kitufe cha kulia, na ulipunguze. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, hupendekeza GB 25. Mimi ningetenga 50, maana kuongeza nafasi baadaye ni usumbufu. Nafasi iliyopatikana iache tupu, bila kuifomati.

Flashi ya GB 8 inatosha, na programu ya Rufus itaiandaa ibebe kisakinishi cha Linux kwa kufuta kila kilichomo. Kabla ya kuwasha upya, tazama katika msinfo32, dirisha la Windows la taarifa za kompyuta, kama Windows huwaka kwa UEFI au kwa BIOS ya zamani, kisha uiwashe flashi kwa njia hiyohiyo, la sivyo GRUB inaweza kushindwa kuifikia Windows. Kitufe cha kuchagua flashi mara nyingi ni F12, F9 au Esc, kutegemea mtengenezaji.

Kisakinishi kikikupa chaguo la kuweka Linux kando ya Windows, likubali. Ukigawa diski mwenyewe, ile nafasi tupu ifanye ext4 (muundo wa mafaili wa Linux) na uielekeze kwenye /, yaani mzizi wa mafaili yote ya Linux, na eneo dogo la FAT32 linalobeba mafaili ya kuwashia ulitumie bila kulifomati, kwani ukilifomati Windows haitawaka.

Menyu isipoonyesha Windows, usidhani imefutika. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, utafutaji wa mifumo mingine huzimwa kwa chaguo-msingi. Katika Ubuntu, ongeza mstari huu ndani ya /etc/default/grub:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Kisha endesha sudo update-grub katika dirisha la amri la Linux.

Huenda pia saa ikaonyesha wakati usio sahihi kila unapohama mfumo. Windows huchukulia saa ya ubao mama kuwa ya eneo ulipo, ilhali Linux huichukulia kuwa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huifanya Linux ifuate desturi ya Windows; Linux itakuonya kuhusu mpangilio huo, lakini kwa kompyuta ya nyumbani onyo hilo halinizuii kuutumia.