Chumba cha vioo nyumbani: kioo gani, mbao gani

Kama wataka kujijengea chumba cha vioo hapa Malindi, anza na paa, manake jua letu si mchezo na watu wengi wanaweka vioo juu kote halafu mchana hakukaliki. Mimi nasema vioo viwe ukutani tu, upande wa kusini au kaskazini, na juu uweke makuti au mabati. Ukitaka lazima mwanga utoke juu, basi chukua kioo cha lamineti, yaani vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, kikivunjika vipande hubaki vimeshikana na ile plastiki ya kati, havimwangukii mtu. Ukutani weka kioo cha tempa, yaani kilichochomwa kwa moto kiwe kigumu, lakini pima fremu vizuri kabla ya kuoda kwa sababu kikishachomwa hakikatiki tena, hata fundi awe hodari vipi.

Mbao sasa. Mbambakofi au mvule kwa nguzo, ni ghali lakini mchwa hawaziwezi kirahisi. Saipresi bila dawa usiguse. Na mguu wa nguzo usiuzike kwenye simiti, manake mti utakunywa maji ya mvua uoze ndani kwa ndani huku juu ukiona pazima, weka kiatu cha chuma kiinue mti kidogo.

Skrubu ziwe za stenlesi, hizi za kawaida chumvi ya bahari inazila upesi, utaona michirizi ya kutu ikishuka kwenye mbao. Kioo nacho kisibane, acha nafasi ya milimita 3 hivi kila upande, ujaze silikoni.