Darasa lenye baridi kwa udongo wa hapo hapo

Mimi ni fundi wa ujenzi hapa Arua, mkoa wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kamati ya shule ikiniita, naomba kwanza tuingie nyumba ya zamani yoyote ya duara ya kijijini saa nane mchana. Ukuta mnene wa udongo, paa la nyasi limeshuka hadi mtu mzima anainama mlangoni, na ndani kumepoa. Halafu tuingie darasa la mabati matupu, tuone watoto wanavyosinzia.

Umbo la duara msiliige: madawati hayakai vizuri na mabati yanakatwa ovyo. Chukueni kivuli, ukuta mzito na njia ya hewa.

Kabla ya kuchimba msingi, amueni jengo litazame wapi. Tuko karibu na ikweta, na jua la asubuhi na jioni ndilo linalochoma kuta. Pande ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Za mashariki na magharibi zisiwe na dirisha.

Tofali za kuchoma achaneni nazo. Tanuri linakula kuni nyingi mno, na West Nile yetu imeshapoteza miti mingi kwa tofali na kwa kukaushia tumbaku. Tumieni tofali za udongo zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi, mchimbe wa chini. Jazeni theluthi ya chupa kwa udongo huo, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, mwache hadi kesho. Mchanga utatulia chini, udongo wa mfinyanzi (ule laini unaonata) juu. Mfinyanzi ukizidi theluthi ya udongo wote, tofali litapasuka, ongezeni mchanga. Changanyeni debe 1 la simenti kwa madebe 15 ya udongo, unyevu uwe kiasi tu: donge ukilifinya lishikane, ukiliangusha kutoka usawa wa bega livunjike vipande vichache. Tofali zikishafyatuliwa, zifunikeni na kuzinyunyizia maji siku 7, na msijenge kabla ya siku 28. Hapa simkubalii mtu haraka, kwa sababu tofali lililokauka upesi humomonyoka ukilisugua kwa kidole.

Msingi uwe wa mawe, uinuke sentimita 40 juu ya ardhi, na upenu utokeze angalau sentimita 90. Mvua isipogusa ukuta, udongo unadumu.

Nyasi nazipenda, lakini juu ya darasa hapana. Jumba la Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kampala lililoezekwa nyasi, liliteketea Machi 2010. Ezekeni mabati, ila yainueni juu ya dari ili hewa moto ipite katikati, kama msanifu majengo Francis Kéré alivyofanya katika shule ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001.

Kizuia radi kiwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Wilayani Kiryandongo, hapa Uganda, Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 shuleni. Mkandarasi akisema kitawekwa baadaye, msitie sahihi.