Jinsi ya kutoa paking za magari na kuweka njia ya baiskeli mtaani, hatua kwa hatua

Kama upo halmashauri, au ni fundi wa barabara, au mna kikundi chenu cha waendesha baiskeli na mnautamani mtaa mmoja wa mjini upate njia ya baiskeli pale ambapo saivi magari yamelala siku nzima, hii ndo njia ninayoifuata mimi. Nafanyia kazi Dar kwa iyo mifano mingi ni ya huku. Wengi wanaanza na mchoro na rangi. Mimi naanza kwa kuhesabu, na utaona kwa nini.

Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani

Barabara kuu zipo chini ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), za mitaani zipo TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), na ushuru wa paking nao una mwenyewe anayeutegemea. Nenda kaonane nao mapema, alafu pita kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukianza kupima barabara bila barua utafukuzwa na utakuwa umeshatia watu wasiwasi bure.

Hatua ya 2: Hesabu magari yaliyopaki, kwa plate namba

Hapa ndo penye kazi yenyewe, usiharakishe. Chukua karatasi, chora mtaa, kila nafasi ya paking ipe namba. Anza saa 1 asubuhi mpaka saa 1 usiku, kila baada ya nusu saa pita uandike herufi na tarakimu za mwisho za gari lililopo kwenye kila nafasi. Fanya siku tatu tofauti, mojawapo iwe Jumamosi, na epuka mwisho wa mwezi maana mji unakuwa tofauti kabisa.

Kwa nini plate namba na sio idadi tu? Kwa sababu mtaa unaweza kuonekana umejaa kutwa nzima na bado unahudumia watu wachache sana. Nafasi moja ikikaliwa na gari moja masaa 10 imehudumia mtu mmoja, ila gari zikibadilishana kila nusu saa, nafasi ileile imehudumia magari 20. Ukihesabu idadi tu huwezi kuona hiyo tofauti.

Kuna mtaa niliwahi kuhesabu, mzee mmoja mwenye duka la vitambaa akaniita ndani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanambia mwanangu, ninyi mnataka kuniua, wateja wangu wote wanakuja na gari. Sikubishana nae, nikamfungulia karatasi juu ya kaunta pale pembeni ya futi yake ya kupimia vitambaa, nikamwonyesha nafasi ya mlangoni kwake, namba ni ileile kuanzia saa 2 na nusu asubuhi mpaka saa 11 jioni, siku zote tatu. Akaisoma mara mbili. Akasema, hii ni yangu. Nikamuuliza, na hii nafasi ya pembeni yake? Ya mwanae. Akakaa kimya kidogo kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mtaa ule: sasa mzigo wangu utashukia wapi? Kuanzia hapo tukawa tunapanga pamoja na sio kushindana, na swali lake ndo limeniletea hatua ya 4.

Hatua ya 3: Waulize wateja, sio wenye maduka peke yao

Simama mlangoni, uliza anayetoka na mfuko: umekujaje leo? Kwa miguu, daladala, mwendokasi, boda, bajaji, baiskeli, gari yako? Unakujaga mara ngapi kwa wiki? Maswali mawili matatu yanatosha, mtu ana haraka zake.

Hili sio jambo la kwetu tu. Kule Toronto, Canada, kwenye mtaa wa Bloor, utafiti uliotoka 2009 ulikuta wateja waliokuja na gari ni karibu 10 tu kwa kila 100, wakati wenye maduka walikuwa wanakadiria zaidi sana. 2016 wakaweka njia za baiskeli za majaribio, paking nyingi zikatoka, wakapima biashara kabla na baada, na Novemba 2017 baraza la jiji likapiga kura zibaki moja kwa moja. Mabishano ya kisiasa yaliendelea miaka mingi baadae, ila waliokuwa wanazitetea walikuwa na namba mkononi.

Hatua ya 4: Tafutia mizigo sehemu kabla hujagusa paking

Ukiondoa paking zote bila kuacha sehemu ya kushushia, kirikuu litasimama kwenye njia ya baiskeli siku ya kwanza saa 3 asubuhi, na sitamlaumu dereva. Andika nani anashusha nini na saa ngapi. Fuso la saruji sio sawa na pikipiki ya mikate. Mimi naweka nafasi ya kushushia kila kona ya mtaa wa pembeni, urefu wa mita 12 hivi, na mizigo mikubwa tunakubaliana ishuke kabla ya saa 2 asubuhi. Usiwasahau wa mikokoteni na maguta (baiskeli za mizigo za miguu mitatu), hao ndo watumiaji wako wa kwanza wa hiyo njia! Na mwenye ulemavu anayekuja na gari abakiziwe nafasi karibu na mlango, hapo hakuna mjadala.

Hatua ya 5: Pima barabara na ugawe upya

Chukua futi kamba, pima ukingo mpaka ukingo sehemu kama tano, maana barabara zetu hazina upana mmoja. Tuseme umepata mita 10, gari zinapita uelekeo mmoja tu, na paking zipo kulia na kushoto. Toa paking za kushoto, bakiza za kulia mita 2.2. Leni ya magari mita 3.5, njia ya baiskeli mita 2, katikati yao nafasi ya kutenganisha sentimita 80. Inabaki mita 1.5, mpe mtembea kwa miguu, mara nyingi ndo pale alipo mama ntilie na meza yake.

Usiweke baiskeli katikati ya gari zilizopaki na gari zinazotembea. Huku tunaendesha kushoto, dereva anashukia kulia, akifungua mlango bila kuangalia anampiga mtu wa baiskeli na kumwangusha mbele ya daladala. Kama lazima paking ibaki upande huohuo basi isogeze nje, baiskeli ikae ndani karibu na ukingo, New York walifanya hivyo Ninth Avenue 2007, na hapo pia acha ile nafasi ya kutenganisha ili mlango wa gari ufunguke bila kumgusa mwenye baiskeli.

Alafu inama uangalie mifuniko ya mitaro. Kama nondo zake zimelala kuelekea anakoenda mwendeshaji, tairi nyembamba inazama na mtu anaruka juu ya usukani. Geuza mfuniko nondo zikae kukingama. Kazi ya nusu saa na fundi mmoja wa kuchomelea, na kwangu ni muhimu kuliko rangi yoyote.

Kwenye kila makutano acha mita 10 bila gari lolote kupaki, ili anayekata kona kushoto amwone mwenye baiskeli.

Hatua ya 6: Jaribu kwa vitu vya bei rahisi

Tairi chakavu zilizopakwa nyeupe na kujazwa mchanga, chokaa, koni chache. Weka kwa wiki 6 hivi, wiki 2 hazitoshi kwani watu bado wanashangaa. Nondo na mabomba ya chuma achana nayo kwenye jaribio, yanaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Hatua ya 7: Zuia bajaji na boda kwa kipimo, sio kwa kibao

Bajaji ina upana wa mita 1.3 hivi. Njia yako ni mita 2, ukisimamisha nguzo moja katikati pale njia inapoanzia, kila upande unabaki na chini ya mita 1, baiskeli inapita, bajaji haipiti. Lete guta halisi na baiskeli ya miguu mitatu ya mlemavu ujaribishe kabla ya kumwaga zege, zikikwama sogeza nguzo. Boda nguzo haimzuii. Yeye anapaki pale kwa kuwa abiria wake wako pale, kwa iyo kaa na viongozi wa kijiwe, wapeni nafasi mbili za paking za zamani ziwe zao rasmi. Nafasi nyingine moja weka vyuma vya kufungia baiskeli, inabeba kama 10.

Hatua ya 8: Hesabu tena, na uunganishe

Rudia hatua ya 2 na 3 na karatasi zilezile. Ukikuta baiskeli ni chache angalia mtaa unaishia wapi, kwani njia ya mita 400 inayokutupa kwenye mzunguko wa magari hakuna mzazi atamruhusu mtoto apite. Sevilla kule Hispania kuanzia 2006 walijenga karibu kilomita 80 zilizoungana ndani ya miaka michache, paking kama 5,000 zikatoka, na baiskeli zikajaa mjini. Kwa Dar mimi ningeanza na mitaa inayogusa vituo vya mwendokasi vya barabara ya Morogoro, maana pale tayari kuna njia za baiskeli pembeni, na ningewaita UWABA, chama cha waendesha baiskeli wa Dar, waje kupita na baiskeli zao siku ya kwanza ya tairi na chokaa, wao ndo watakwambia ni mfuniko gani bado haujageuzwa.