Kuuza pointi za simu ama kuchukua bidhaa: angalia haya kwanza

Ukipita Eastleigh ama River Road utaona bango kwa kibanda, "tunanunua Bonga Points", zile pointi Safaricom inakupa ukitumia laini yao, na swali linakuja palepale, hiyo pesa ni halali? Inategemea pointi zenyewe, kwa hivyo usikimbilie bei.

Anza na zilikotoka. Kama ulizipata kwa kununua kredi, bando ama unga supamaketi, wanazuoni wengi wanaziona ni hiba ya muuzaji ama punguzo la bei, chukua. Lakini kama benki ya kawaida inakupa pointi juu umeweka pesa kwao, hapo kaa chonjo, kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ile pesa yako ni mkopo umeipa benki na mkopo unaomletea mkopeshaji manfaa ya sharti ni riba, hata wakiiita zawadi. Na kredit kadi yenye riba usiichukue eti kwa sababu ya pointi.

Kuzitumia kwa kampuni yenyewe, yaani kupata kredi, simu ama kulipia dukani, hakuna shida. Ila usiziweke kwa droo ya kushinda gari, unatoa kitu chenye thamani na pengine usipate chochote, hiyo ni kamari.

Kuuzia mtu ndio pagumu. Hadithi ya sahaba Ubada bin Samit iko wazi, dhahabu kwa dhahabu, fedha kwa fedha, sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, na Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la wanazuoni, ilipokaa Amman 1986 ikasema noti zetu zina hukumu hiyohiyo. Sasa jiulize, pointi zako ni pesa ama ni haki ya kupata huduma? Kama ni haki tu, kuna wanazuoni wanaruhusu uiuze kwa bei mliyoelewana. Kama kampuni inazigeuza shilingi kwa kiwango kinachojulikana, halafu broka akupe chini ya hicho kiwango, inafanana sana na kuuza shilingi mia kwa sabini. Wengine wanakataza zote, kwa sababu zinaweza kuexpaya ama kampuni ibadilishe thamani yake na hiyo ni gharari, yaani biashara ya kubahatisha usiyojua mwisho wake.

Mimi nakushauri hivi ndugu yangu: chukua bidhaa kwa pointi zako, ishike mkononi, kisha kama una shida ya pesa uza hiyo bidhaa kwa bei yoyote. Hata kwenye tende za Khaybar Mtume (s.a.w.) alimwambia sahaba aliyekuwa akibadilisha tende duni nyingi kwa nzuri chache auze zile duni kwa dirhamu kwanza, ndio anunue nzuri.

Na ukifuata rai ya kuruhusu, soma masharti ya kampuni kwanza kama yanakubali kuuza, manake Waislamu wako kwenye masharti yao, yaani wanafungwa na walichokubali, halafu pesa iingie M-Pesa papo hapo ukituma pointi, si "nitakutumia jioni". PIN usimpe mtu. Ukienda kwa sheikh wako, iwe Jamia ama msikiti wa mtaani, mwonyeshe yale masharti kwa simu, usimuulize tu "pointi ni halali?" kwa sababu hukumu iko kwenye hizo detelzi.